Kutu, mchanga na kipimo: mwongozo kamili wa kutoa aseniki kwenye maji ya kunywa

Wiki ya tatu misumari ilikuwa bado inang'aa. Nilikuwa nimejenga kichujio changu cha kwanza uani kwangu Muheza: pipa, mchanga niliouosha mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, beseni lililotobolewa, na kilo tano za misumari ndani yake. Kila asubuhi nilimimina ndoo ya maji, nikafunua mfuniko kutafuta rangi ya kutu, nikaikuta misumari kama imetoka dukani jana. Nilikuwa nimenunua misumari ya bati, ile iliyopakwa zinki ili isishike kutu. Kwa fundi wa paa hiyo ni sifa. Kwa mtu anayetaka kutoa majini aseniki, ile sumu itokayo kwenye mawe, ni hasara tupu, kwa sababu katika kichujio hiki kutu ndiyo inayofanya kazi.

Kichujio kile kilikuwa cha majaribio kabla ya kumjengea mdogo wangu anayeishi Geita, ambaye kisima chake kilipimwa kikakutwa na aseniki juu ya kiwango. Kanda ya Ziwa, hasa Geita na Mara, tatizo hili limeshapimwa na watafiti kwenye visima na vijito vilivyo karibu na machimbo ya dhahabu. Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana madini ya aseniki ndani yake, na yakivunjwa na kuachwa wazi, hewa na mvua huyafungua. Sasa sisi wa mkoa wa Tanga tuna machimbo Handeni na Kilindi, na kila mwaka visima virefu vinaongezeka. Anayekunywa maji ya kisima jirani na machimbo awe wa kwanza kupima, na mwongozo huu nimemwandikia yeye kabla ya mwingine yeyote.

Anza na kipimo

Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Maji yanaweza kuwa maangavu, matamu kuliko ya mto, na yakawa nayo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 1993 ni mikrogramu 10 kwa lita. Kukuonyesha udogo wake: chukua gramu moja, yaani chini ya robo ya kijiko cha chai cha chumvi, uitawanye kwenye simtanki 20 za lita 5,000 kila moja. Hicho ndicho kiwango, na hakuna ulimi unaoweza kukionja.

Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, alinikuta nikiosha mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Taabu yote hii ya nini? Maji si uyachemshe tu?"

Swali lake ndilo la watu wengi, na linastahili jibu la wazi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki si kijidudu. Ni elementi, kama chuma au shaba, haifi wala haiungui. Ukichemsha lita 10 zikabaki 9, aseniki ile ile sasa imo ndani ya lita 9, kwa hiyo umeizidisha ukali. Dawa ya klorini haiitoi. Kuyaanika maji juani kwenye chupa hakuitoi. Kitambaa hakiitoi, hata ukikikunja mara nane.

Kipimo kipo cha namna mbili. Kwanza kuna kisanduku cha kupimia papo hapo kisimani: unatia unga wa dawa kwenye chupa yenye maji, gesi inapanda, karatasi iliyo mdomoni mwa chupa inageuka kutoka nyeupe kwenda njano hadi kahawia kadiri aseniki inavyozidi. Fanyia nje, penye upepo, kwa sababu gesi ile ni sumu. Kipimo hiki kinafaa kujua kisima gani kina shida kubwa, ila kwenye viwango vidogo karibu na 10 macho hudanganywa na rangi. Pili kuna maabara. Nenda kwenye maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kijijini, anza kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya yako. Waombe chupa zao. Usipeleke maji kwenye chupa ya soda. Pampu iendeshe kwa dakika tano kwanza ili upate maji ya chini ardhini, si yaliyolala kwenye bomba. Mweleze mtaalamu kwamba unataka aseniki yote kwa jumla, na ukiweza aongeze chuma, fosfati na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Hizo tatu zitakuambia kama kichujio hiki kitakufaa.

Wakati unasubiri majibu, jua kwamba hatari iko kwenye kunywa na kupikia. Kuoga, kufua na kudeki kwa maji hayo hakuna shida kubwa, kwa kuwa ngozi hupitisha aseniki kidogo sana. Wali, uji na chai ndivyo vya kuangalia.

Madhara huja polepole, miaka mitano, kumi au zaidi: madoa meusi na meupe kifuani na mgongoni, viganja na nyayo kuwa ngumu na kuota vinundu, na baadaye saratani za ngozi, kibofu na mapafu. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si mkono wa mtu. Mwenye dalili hizo aende hospitali na abadilishe maji siku hiyo hiyo.

Kama unaweza kuyakwepa, yakwepe

Nasema hili mapema, kwa moyo mmoja, ingawa vichujio ndiyo kazi ninayoipenda: maji bora yasiyo na aseniki ni yale ambayo hayakuwa nayo tangu mwanzo. Kabla hujanunua msumari mmoja, pima kisima cha jirani. Aseniki ina tabia ya kubagua; visima viwili vyenye mita hamsini kati yao vinaweza kutofautiana kabisa. Bangladesh, ambako visima vya pampu vilichimbwa kwa mamilioni tangu miaka ya 1970 ili watu waepukane na maji machafu ya madimbwi, aseniki ilithibitishwa mwaka 1993, na waliokuwa hatarini walikadiriwa kuwa kati ya milioni 35 na milioni 77. Moja ya hatua zilizookoa watu wengi kule ilikuwa rangi ya kopo: pampu iliyopimwa ikawa salama ilipakwa kijani, yenye aseniki ikapakwa nyekundu. Mama anakwenda na ndoo yake, anaona rangi, anageukia pampu nyingine. Kijiji chochote kinaweza kufanya hivyo.

Njia ya pili ni mvua. Mvua haina aseniki, na sisi wa pwani tuna masika na vuli. Paa la bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 100 hukusanya lita 4,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na 3,200. Familia ya watu sita ikitumia lita 5 kila mtu kwa kunywa na kupikia peke yake ni lita 30 kwa siku. Hizo 3,200 zinawatosha zaidi ya siku mia. Lita 20 za kwanza za kila mvua baada ya jua kali zimwage, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa nyumba ya makuti njia hii haifai.

Kama kisima cha jirani nacho kina aseniki, na paa halikidhi, ndipo tujenge.

Vitu vya asili: kipi kinafanya nini

Watu wengi huniuliza kuhusu mlonge. Mbegu ya mlonge ni hazina, lakini kazi yake ni kutuliza tope. Ukimenya punje, ukazitwanga, ukakoroga unga wake kwenye maji ya mto, tope hushikana madonge na kuzama. Kwa maji ya ukungu wa wastani, punje moja kwa lita mbili. Kwa maji mazito ya masika, punje mbili kwa lita moja. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika tano hadi kumi, uache saa moja au mbili. Maabarani unga huo umenasa sehemu ya aseniki pia, ila sehemu tu, na ile inayobaki bado ni sumu. Mlonge utumie kabla ya kichujio, pale maji yako yanapokuwa na tope linaloweza kuziba mchanga.

Makaa, yawe ya mkaa wa kawaida au ya vifuu vya nazi, huondoa harufu na rangi. Aseniki huiacha ipite karibu yote. Pumba za mpunga na maganda ya mayai yamejaribiwa sana pia, na peke yake siyategemei kumnywesha mtoto.

Udongo mwekundu ni habari nyingine. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu, na kule India wamejenga vichujio kwa kutumia moramu iliyochakatwa. Shida ni kwamba moramu hutofautiana shimo kwa shimo: moja hunasa vizuri, nyingine hunasa kidogo na kuyachafua maji kwa vumbi lake. Ukitaka kuijaribu, ponda vinundu vyake vigumu, chekecha vya milimita 1 hadi 3, osha mpaka maji yatoke meupe, uweke kama tabaka la nyongeza, halafu upime. Usiifanye nguzo ya kichujio.

Na ndimu? Hili linashangaza wengi. Kama maji yako yenyewe yana chuma kingi, yaani yakilala usiku yanageuka rangi ya machungwa na kuacha madoa kwenye nguo nyeupe, unaweza kuyajaza kwenye chupa ya plastiki angavu, ukaacha nafasi ya hewa, ukatia matone manne hadi manane ya ndimu kwa lita, ukatikisa, ukailaza chupa kwenye jua kali saa nne au tano. Jua na ndimu husaidia aseniki kugeuka sura inayoshikika. Usiku isimamishe chupa, kutu izame chini, asubuhi mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa. Njia hii ilifanyiwa kazi Bangladesh na watafiti wa taasisi ya EAWAG ya Uswisi, na huondoa takriban theluthi mbili ya aseniki. Kwa maji yenye mikrogramu 25 hiyo inatosha. Kwa yenye 90 haitoshi.

Kwa nini kutu

Aseniki majini huja kwa sura mbili. Asenati ina chaji hasi. Aseniti haina chaji kwenye maji ya kawaida, kwa hiyo huteleza. Uso wa kutu, maji yakiwa na pH chini ya 8 hivi, una chaji chanya, na asenati hunata juu yake kwa nguvu sana. Msumari unapolowa na kukauka, unakula oksijeni na kuota kutu mpya, na katika kuoza huko sehemu ya aseniti hugeuka asenati papo hapo. Kutu ikimeguka, inaanguka na aseniki yake mpaka juu ya mchanga mwembamba na kunaswa hapo. Maji yanapita, kutu inabaki.

Kuna vitu vinavyogombea nafasi hiyo hiyo kwenye kutu, na mkubwa wao ni fosfati, ambayo hutoka kwenye mbolea, vyoo na baadhi ya miamba. Nepal, ambako kichujio cha namna hii kiliundwa na kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha MIT na shirika la ENPHO, aseniki ilipungua kwa asilimia 85 hadi 90. Kambodia, ambako maji yalikuwa na fosfati nyingi na chuma kidogo, kichujio cha aina hiyo kilifanya vibaya zaidi. Ndiyo maana nilikuambia uombe fosfati ipimwe.

Kutokana na takwimu ya Nepal, mimi hutumia hesabu rahisi: chukua kipimo cha maji yako, ukigawe kwa kumi. Hayo ndiyo matokeo mazuri unayoweza kuyatumaini. Maji yenye 80 yanaweza kushuka mpaka karibu na 8. Maji yenye 300 yatabaki na 30 au zaidi, hata ukijenga kwa ustadi wote. Mwenye 300 asijenge hiki. Arudi kwenye mvua au kisima kingine.

Vifaa

Pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko, lililobeba chakula kabla, kamwe si lile la dawa za mifugo au kemikali. Beseni la plastiki gumu linalokaa mdomoni mwa pipa bila kutumbukia. Bomba la PVC la nusu inchi, elbo tatu, kiunganishi cha tangi chenye mipira yake, gundi, na utepe mweupe wa mafundi bomba. Kokoto, changarawe, mchanga. Kilo 5 za misumari mifupi. Tofali moja la kuchoma, si la saruji. Ndoo safi yenye koki na mfuniko ya kupokelea.

Misumari

Dukani sema unataka misumari ya chuma tupu, isiyopakwa zinki, ya inchi moja au pungufu. Ikiwa mifupi uso wa chuma ni mwingi kwa uzito ule ule. Usimwamini muuzaji, wala usiamini rangi. Nunua kumi kwanza. Zioshe kwa sabuni kutoa mafuta, zilaze usiku kucha kwenye sahani juu ya kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Asubuhi chuma tupu kitakuwa na madoa ya machungwa yaliyoganda kitambaani. Yenye zinki itakuwa imepauka kidogo tu. Jaribio hili lingeniokolea wiki tatu. Ukishanunua kilo zote, zioshe kwa sabuni na kuzisuuza mara tatu, kwa maji yasiyo na chumvi.

Mchanga na kokoto, hasa kwetu pwani

Hapa ndipo watu wa Tanga mjini wanakosea, kwa sababu mchanga wa Raskazone na Sahare uko mlangoni, mweupe, unavutia. Usiuchukue. Una chumvi, na una vumbi la makombe na matumbawe, ambalo ni chokaa. Kokoto za kuzunguka Amboni nazo ni za mawe ya chokaa, mawe yale yale yaliyotoboka yakawa mapango. Chokaa huyeyuka polepole na kupandisha pH, na pH ikipita 8, mshiko wa kutu kwa asenati hulegea. Utakuwa umejenga kichujio kinachojihujumu chenyewe.

Tafuta kokoto za mwamba mgumu wa Usambara, upande wa Muheza na Korogwe, ule wenye mistari ya kijivu na vimeremeta. Jaribu hivi: kwaruza jiwe kwa msumari mpaka litoe unga kidogo, udondoshee siki au ndimu juu ya unga huo, uweke sikio karibu. Likitoa mapovu na sauti ya kuchemka kama soda iliyofunguliwa, ni chokaa, litupe. Likinyamaza, chukua.

Mchanga bora ni wa mawe yaliyosagwa, wa machimbo ya kokoto, kwani haukulala mtoni na uchafu. Ukikosa, chukua wa mto juu ya makazi, uanike juani siku kadhaa. Chekecha mara tatu: kinachopita wavu wa milimita 1 ni mchanga mwembamba, kinachopita milimita 6 kikabaki juu ya ule wa kwanza ni changarawe, cha milimita 6 hadi 12 ni kokoto.

Changarawe na kokoto zioshe mpaka maji yawe meupe kabisa. Mchanga mwembamba usiuoshe hivyo. Ukiuosha kupita kiasi unapoteza chembe ndogo na maji yatapita mbio. Tia mchanga kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, tikisa, weka chini, hesabu mpaka nne, angalia: maji juu ya mchanga yawe na ukungu kidogo, kama maji yaliyosuuza mchele mara ya tatu. Hapo acha.

Pipa na bomba

Toboa pipa ubavuni, karibu na sakafu yake, funga kiunganishi. Ndani, kata kipande kifupi cha PVC, kizibe mwisho, ukitoboe vitundu vya milimita 3, kilale sakafuni. Nje, bomba lipande wima kwa elbo, ligeuke juu, lidondoke kidogo kama mdomo wa birika. Urefu wa mdomo huo ndio siri ya kichujio: uwe sentimita 5 juu ya uso wa mchanga utakaoweka. Maji yakiacha kutoka, yale yaliyobaki juu ya mchanga yawe sentimita 5 hizo. Yakipungua mchanga unakauka. Yakizidi mno, hewa haiufikii.

Usifunge koki kwenye bomba hili, wala usiunganishe mpira wa kushuka kwenye ndoo, kwa sababu mpira utanyonya maji yote mpaka mchanga ubaki mkavu. Maji yaanguke wazi, pua ya bomba iwe juu ya ndoo iliyofunikwa, yenye tundu moja tu la kupokelea.

Weka pipa mahali penye kivuli, juu ya jukwaa imara la usawa. Likijaa litakuwa na zaidi ya kilo 80, na hulihamishi tena. Tia kokoto sentimita 5, changarawe sentimita 5. Sasa jaza maji nusu pipa, ndipo umwage mchanga ndani ya maji, mkono kwa mkono, mpaka ufike sentimita 30. Ukimwaga mchanga mkavu halafu maji juu yake, viputo vya hewa hubaki ndani na maji hujitafutia njia ya mkato.

Beseni litoboe chini kwa vitundu vya milimita 3, kimoja kila sentimita mbili. Sehemu ya chini ya beseni isiguse maji yaliyotulia, kwa sababu misumari inahitaji kulowa kisha kupata hewa. Tandaza misumari sawasawa, halafu vunja tofali vipande vya ukubwa wa yai uvipange juu yake. Bila vipande hivyo, ndoo ya maji itasukuma misumari pembeni na kuacha uwazi katikati, na maji yatapita hapo bila kuguswa na kutu.

Siku za mwanzo

Mimina ndoo mbili au tatu kwa siku. Usinywe maji haya bado. Kwa siku chache yatatoka na ukungu, kisha yatatakata. Misumari itaanza kugeuka machungwa siku ya pili au ya tatu. Mpaka wiki ya pili iwe imeshikana na kutu ya rangi ya hina, na juu ya mchanga utaona utando wa rangi hiyo hiyo. Pima mwendo: pipa likijaa, lita moja itoke kwa dakika 3 hadi 4. Ikitoka kwa dakika moja, mchanga wako ni mkubwa mno, ubadilishe. Usijifariji kwamba ni kichujio chepesi.

Wiki ya tatu peleka sampuli mbili maabara siku moja: maji ghafi na maji yaliyochujwa. Mpaka karatasi irudi ikisema 10 au chini yake, familia inywe maji mengine. Kama majibu ni 14 au 20, jaribu kupitisha maji mara mbili, au ongeza misumari kilo mbili, upime tena. Yakikataa, yamekataa.

Matumizi ya kila siku

Mimina asubuhi na jioni, na kila baada ya kumimina pumzisha angalau saa moja. Usiache siku mbili bila kumimina. Usitie klorini kwenye pipa, maana juu ya mchanga kuna viumbe wadogo wanaokusaidia kula vijidudu. Maji yaliyokwisha kuchujwa ndiyo unayotia dawa ya klorini au kuyachemsha. Aseniki ikishatoka, kuchemsha hakuna ubaya tena. Fanya hivyo kila siku.

Mwendo ukipungua sana, inua beseni, paruza sentimita moja ya juu ya mchanga kwa vidole, chota maji ya kutu kwa kata, rudia mara mbili tatu, sawazisha. Beseni lenyewe lichunguze: misumari ikiganda ikawa bonge moja, igonge kidogo iachane. Kuganda huku ndiko kulikowasumbua waliotumia kichujio cha mitungi mitatu kule Bangladesh, ambako vipande vya chuma vilitiwa ndani ya mtungi wa juu. Vilishikana kama saruji na maji yakakata. Mtafiti Abul Hussam alipotatua tatizo hilo kwa chuma kilichotayarishwa maalumu, kichujio chake cha SONO kilipata tuzo ya Grainger ya mwaka 2007 huko Marekani.

Bomba likitoa maji ya njano, acha kunywa siku hiyo. Kutu inapita na aseniki imepanda juu yake. Ongeza mchanga, anza upya, pima. Hata bila dalili, pima kila miezi sita. Mdogo wangu ameandika kila tarehe ya kipimo na namba yake kwa rangi ya mafuta ubavuni mwa pipa, mgeni anaisoma kabla ya kuomba kikombe.

Kutu iliyochoka

Aseniki uliyoinasa haikuyeyuka. Imo kwenye kutu ile. Maji ya kusafishia, misumari iliyolika, tofali na mchanga wa juu visimwagwe kwenye mchicha, bwawa la bata wala karibu na kisima. Chimba shimo mbali na kisima, mahali pa juu pasipotuama maji ya masika, ulisakafie kwa saruji, lifunike. Mabaki makavu yakorogee kwenye zege nzito na kuyazika humo humo. Usichanganye na mbolea ya samadi wala matope ya choo, kwa sababu uchafu unaooza huinyima kutu hewa, kutu ikayeyuka, na aseniki ikatoka tena kuelekea kisimani. Vaa glavu, osha mikono kwa sabuni, na watoto wakae mbali mpaka zege iwe imekauka.